Chumba Nilichokiita Ofisi

Nakiri sasa, baada ya kukana mbele ya mume wangu, mbele ya fundi, na mara kadhaa mbele ya nafsi yangu: kile chumba hakikuwa ofisi. Kilikuwa cha mama yangu tangu siku nilipoweka kidole ukutani nikasema, hapa pabomolewe.

Neno ofisi lilinitoka tu. Mume wangu aliuliza chumba ni cha nini, na mimi, mwanamke wa makamo niliyepita chuo kikuu, ninayeandika makala ambazo watu wa mbali hunisifia na jirani zangu hawajui kama zipo, nikajibu kwamba nahitaji mahali pa kuandikia. Alinitazama kama mtu aliyesikia kuku wake anaomba godoro. Miaka yote nimeandikia kwenye meza ya chakula, kati ya sahani ya mboga ya sombe na madaftari ya watoto, na hakuna sentensi iliyowahi kulalamika. Lakini yeye ni mwalimu wa hesabu, hapendi kubishana na kitu kinachoweza kupimwa. Aliuliza tu chumba kitatoka wapi.

Lilikuwa swali la haki. Tunakaa katika nusu ya jengo refu la zamani, si mbali na soko la Kasongo, ambalo lilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja na baadaye likagawanywa kwa ukuta wa katikati. Nusu ya pili anakaa mjane wa Kiislamu mwenye duka la vitenge. Familia yake iko mjini hapa tangu zama za misafara, naye hucheka kabla hajamaliza kusema anachokichekea. Upande wetu una saloni ya kupokelea wageni mbele, kisha ujia mwembamba unaoelekea nyuma. Kushoto mwa ujia ni chumba chetu cha kulala. Kulia ni cha watoto, na baada yake depo, makao ya mifuko ya mchele, baiskeli mbovu, na vitu ambavyo hakuna mwenye moyo wa kuvitupa. Ujia unaishia kwenye mlango wa ua, na uani ndiko liliko jiko, bafu na choo.

Nilichora ramani nyuma ya karatasi ya mtihani wa mume wangu. Tungekata kipande cha chumba cha watoto, tukiunganishe na depo, na watoto wangelala kwenye kitanda cha ghorofa. Chumba kipya kingekuwa na dirisha moja dogo la kuangalia ua, na mlango wake ungefunguka kwenye ujia. Niliitazama ramani ile kwa mapenzi. Nilijiambia kwamba wahandisi wanajisumbua bure kusoma miaka yote ile.

Mama alikuwa anakaa peke yake kijijini Wamaza, katika nyumba aliyoachiwa na baba, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Muuguzi wa macho hapa mjini alikuwa ameniambia waziwazi: ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kuruka, na mtu awe karibu wa kumtilia. Mama alipojitilia mwenyewe, matone yaliangukia shavuni, na yeye alihesabu shavu kuwa ni jicho na kwenda shambani. Siku zile za kumpeleka kwa muuguzi alilala kwa mama mdogo, ndugu yake, mtaa wa pili. Kila alipokuja Kasongo alilala huko. Mimi niliamini kwamba madada wawili wanapenda kupiga porojo. Sasa mama mdogo alikuwa amefariki, na hapakuwa na mahali pengine isipokuwa kwangu.

Basi kwa nini sikusema? Kwa sababu kwetu mama mjane hukaa kwa mtoto wake wa kiume. Mdogo wangu yuko Lusangi, anachimba dhahabu, leo ana kitu na kesho hana, na anakaa kwenye kibanda ambacho hata yeye hakioni kama nyumba. Kusema wazi kwamba mama anakuja kwa mume wa binti yake kungekuwa kumvua nguo mdogo wangu mbele za watu. Na kumwambia mama mwenyewe, nakujengea chumba, kungekuwa kumwambia, unakuwa kipofu. Kwa hiyo nilipanga kwamba chumba kijengwe kwanza kwa jina lingine. Halafu mama atakuja kusalimia, atakuta kitanda, atalala siku moja na nyingine, na siku moja sote tutagundua kwamba anakaa pale. Niliuona kuwa mpango wa mtu mwenye akili.

Fundi, ambaye ofisi aliiita biro, alikuwa mwenye maneno. Nilimpigia kelele alete kamba, nikamwonyesha kitanda kitakaa wapi na nafasi ya mtu kupita itabaki wapi. Aliacha kamba.

"Mama, hii biro iko ya kulalia?"

"Iko ya kuandikia, baba."

"Basi mbona tunapima kitanda?"

"Mtu akiandika anachoka."

Akasema kumbe angesoma shule, maana yeye akijenga akachoka anakaa juu ya tofali. Mume wangu alicheka mpaka akaenda kukaa nje. Mimi nilicheka pia, kwa sababu hiyo ilikuwa njia fupi ya kuacha mazungumzo. Leo naona kwamba dakika ile mlango ulikuwa bado ni nafasi tupu kati ya matofali. Kama mtu yeyote angejua chumba ni cha nani, angeniambia. Fundi angeniambia. Mume wangu, ambaye jambo lilimhusu kuliko wote, angeniambia kabla hajavaa viatu. Lakini nani atamwambia mwandishi kwamba mlango wa ofisi yake unatazamana vibaya?

Ulitazamana na mlango wa chumba chetu. Ujia ni mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Milango yote miwili ikiwa wazi, aliyelala kwenye kitanda cha ofisi anaona mto wa aliyelala kwenye kitanda chetu.

Wasiokwenda ukweni kwetu wanisamehe nikieleza. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai karibu. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na zaidi ya yote mama mkwe haoni mahali anapolala mwanamume aliyemuoa binti yake. Si chuki. Ni heshima kubwa kupita zote, na kama heshima zote kubwa, inachosha. Nilipokuwa mtoto nilimwona baba yangu, mtu mzima mwenye sauti nzito, akiruka ndani ya shamba la muhogo kwa sababu bibi yetu alikuwa anakuja njiani na kuni kichwani. Nililijua jambo hili. Nilidhani tu kwamba limebaki nyuma kule pamoja na paa za nyasi. Nilikuwa nimeishi na bati muda mrefu.

Chumba kilikwisha. Tulikipaka rangi nyeupe, ikakauka na mabaka. Ili uongo wangu usimame wima, niliingiza meza, nikapanga vitabu juu yake, na kando nikaweka kitanda chenye shuka mpya. Kila aliyeingia alisema ofisi imependeza. Sikuandika neno hata moja mle.

Mama alifika kwa pikipiki mwanzo wa kiangazi, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, vumbi jekundu limemfanya aonekane amechongwa kwa udongo wa njiani. Mume wangu alikuwa shuleni. Nilimpa maji, nikamtilia matone, nikamshika mkono na kumpeleka kwenye ujia. Wakati ule bado alikuwa anaona vitu vilivyo mbele yake moja kwa moja, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilisukuma mlango. Nilimwambia, mama, utapumzika hapa.

Alitazama kitanda. Akageuza kichwa polepole, kama alivyolazimika kufanya siku zile ili kupata kitu ndani ya bomba lake, akatazama nyuma yake. Mlango wetu ulikuwa wazi. Suruali ya mume wangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari.

"Na kule analala nani?"

"Ni kwetu, mama."

Alivuta kitenge kutoka kichwani akajifunika macho nacho, akarudi kinyumenyume, mkono mmoja ukitafuta ukuta, mpaka saloni, na kutoka saloni mpaka nje. Akakaa barazani akiitazama barabara, mgongo kwa nyumba yangu. Nilimfuata nikaanza hotuba. Nilisema nyakati zimebadilika, nilisema afya, nilisema watu wa Kinshasa wanaishi na wakwe zao ghorofani na hakuna aliyekufa. Aliningoja nimalize. Halafu akauliza kama kuna watu wa dini wanaopokea wageni.

Aliyempokea ni mjane wa upande wa pili. Alitoka dukani, akasikia habari yote kabla ya kuvua viatu, akamwambia mama kwamba nyumba yake haina mwanamume tangu Mungu alipomchukua wa mwisho, kwa hiyo hapo hakuna suruali ya kumtisha mtu. Walipatana palepale. Mimi nilibaki nimesimama na mfuko wa mama mkononi.

"Wewe, mama msomi," jirani akaniambia, "si ungemfunga mama yako kitambaa machoni, umwingize usiku?"

Aliyecheka zaidi ni mama.

Kwa kipindi kifupi mambo yalikwenda, kwa namna yake. Asubuhi na jioni nilivuka baraza na chupa ya matone. Mume wangu, tangu alipojua mama mkwe yuko upande wa pili, alibadilika kuwa mgeni nyumbani kwake. Ua ni mmoja kwa pande zote mbili, na choo ni kile kile kwa wote, kwa hiyo kila alipotaka kutoka alikohoa kwanza. Mama akisikia kikohozi alijigeuza kuelekea ukuta na kungoja. Mara nyingine walikoholeana wote wawili, na hakuna aliyetoka. Watoto waliigiza mchezo ule chumbani kwao, wakakohoa mpaka nikawafokea. Siku moja mume wangu aliniambia, bila hasira, akiwa anakunja taulo lake, "Mama watoto, ungeniambia tu. Mlango ningeuweka uani mimi mwenyewe." Nilimjibu kwamba kilikuwa ofisi. Bado nilikuwa nasema hivyo! Yeye akaenda kukohoa mlangoni.

Tukaamua kurekebisha. Mlango wa ujia tuuzibe kwa matofali. Tuvunje ukuta wa nyuma chini ya dirisha, tuweke mlango wa uani, na mbele yake uzio wa matete ili mama asione bafu wala anayekwenda bafuni. Angekuwa na njia yake mwenyewe, kama mpangaji. Nilichora ramani mpya, na safari hii mume wangu aliishika karatasi na kuuliza maswali. Ilikuwa ramani nzuri. Ilichelewa tu.

Kabla ya fundi kurudi, alikuja mdogo wangu kutoka Lusangi. Alikuwa amesikia mama yuko mjini na alitaka kumsalimia. Aliingia kwangu, akanipa samaki wa kukaushwa, akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa jirani. Alidhani ameenda kutembea. Nikamwambia analala huko.

Alisimama. Alipita ujiani, akasukuma mlango wa chumba cheupe, akaona meza, vitabu, na kitanda chenye shuka ambayo hakuna aliyeilalia.

"Mama analala kwa watu," akasema, "na wewe uko na biro."

Nilimwambia kwamba chumba ni cha mama.

"Tangu lini, dada?"

Kama ningesema tangu mwanzo, ningekuwa nimesema kwamba tangu mwanzo sikumtegemea yeye. Kama ningesema tangu leo, ningekuwa mtu mbaya kiasi kile alichodhani. Nilisema mambo mengine, juu ya mlango na matete. Alikuwa ameacha kunisikiliza. Mdogo wangu si mtu wa kelele. Anaponyamaza hukusanya vitu. Alikwenda upande wa pili, akamshukuru mjane kwa adabu zote, akakusanya nguo za mama. Mama hakubisha. Kwenda na mwanawe mbele za watu kulikuwa jambo lenye heshima. Kubaki kulala kwa jirani, wakati binti ana ofisi, hakukuwa na jina. Alinishika bega akasema mlango ukiwa tayari atarudi, na karanga zake zilikuwa zinamngoja hata hivyo. Nilimpa chupa mbili za dawa, nikamweleza mdogo wangu jinsi ya kumtilia. Alikubali kwa kichwa. Lakini alimrudisha Wamaza, kwenye nyumba ya mama, na yeye akarudi mgodini, kwa sababu kibandani kwake hapakuwa na pa kumlaza. Wote tulilijua hilo siku nzima na hakuna aliyelisema.

Ukuta wa nyuma ulitukataa. Matofali ya ndani hayakuwa ya kuchomwa kama yale ya mbele. Mfanyabiashara wa zamani alipendezesha barabara tu na uani akajenga kwa udongo uliokaushwa juani. Fundi alipotoboa nafasi ya mlango, ufa ulipanda mpaka kwenye bati. Akaweka nguzo, akasema lazima tungoje ubao mgumu wa kushikilia matofali ya juu. Ubao ulipofika, fundi alikuwa amekwenda machimboni kama wanaume wengine. Kisha mvua zikaanza. Maji yaliingia kwenye lile shimo, yakalowesha sakafu na vitabu vya chini. Tulitundika turubai. Usiku upepo ulilipiga, watoto wakasema ofisi inapiga makofi.

Nilituma dawa. Chupa ya kwanza ilifika. Ya pili dereva wa pikipiki aliiweka kwenye mfuko pamoja na chakula, akakwama matopeni siku kadhaa, na mama aliponieleza rangi ya dawa ilivyokuwa, nilimwambia aimwage. Ya tatu barabara ilikatika. Nilipompigia mdogo wangu, simu haikushika. Mama, yeye, alikuwa anapanda kilima nyuma ya shule kila Jumapili baada ya ibada, penye mtandao, na kunipigia. Nilikuwa nimemfundisha kubonyeza namba mbili na kushikilia. Kila Jumapili aliuliza habari za watoto, habari za mukwe wake, halafu mlango. Kila Jumapili nilisema bado kidogo. Niliuliza habari za macho. Yeye pia alisema bado kidogo. Tulikuwa tunafanana kuliko nilivyopenda.

Fundi alirudi mvua zilipopungua. Aliponiona alisema, "Mama ya biro, bado hujaandika?" Tukaanza kusafisha shimo. Siku ile ile, mchana, na haikuwa Jumapili, simu ikalia. Jina la mama lilikuwa kwenye kioo. Nikaenda nayo ujiani, mbali na nyundo.

Sauti ya kwanza haikuwa yake. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, jirani yake, akasema, "Allo, ngoja, ninamupatia simu." Nikasikia mikono, kitambaa, upepo wa kilimani. Nikajua kwamba hakubonyeza mwenyewe.

Mama alinisalimia kwa utaratibu wake wote. Watoto? Wazima. Mukwe wangu? Mzima, mama, yuko shuleni. Jirani yako, yule mcheshi? Anakusalimia.

"Na ule mlango?"

"Leo fundi amerudi, mama. Bado kidogo."

"Mwambie aache."

Nilidhani amekataa. Nilidhani mdogo wangu amempata, wamekubaliana, ameamua kubaki Wamaza na nyumba yake na karanga zake. Nikaanza kumwomba. Akaninyamazisha kama alivyokuwa akininyamazisha utotoni, kwa kutamka tu mama, jina analoniitia tangu nizaliwe.

"Mama. Ule mlango wa kwanza, wa ndani, bado upo?"

Nilisema upo, hatukuwa tumeuziba.

"Basi huo unatosha sasa. Mwambie mukwe wangu atundike suruali yake anapotaka. Mimi siko tena mtu wa kuona."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayesema mvua imekatika. Nyuma yangu fundi aligonga nyundo mara moja, kisha akaacha, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini ujiani, mgongo kwenye mlango wetu, miguu kwenye mlango wake. Ujia ni mwembamba kiasi hicho.

Nikamwambia nitakuja mwenyewe kumchukua. Akasema vizuri, nije na kitenge cha kumfunga asianguke kwenye pikipiki. Nikasikia yule mwanamke akimwambia kitu, pengine juu ya mteremko. Halafu mama akauliza, kutoka kitandani mpaka mlangoni, kuna kitu njiani?

"Kuna meza," nikasema.

"Ya nini?"

"Sio ya kitu, mama."

"Itoe," akasema, na simu ikakatika.